Kiti, gurudumu, uzi au pia: uchague onyesho lipi kufundisha momentamu ya mzunguko?

Wanafunzi wengi wa kidato cha tano wanaweza kuandika kanuni ya momentamu ya mzunguko wakiwa wamefumba macho. Waulize kwa nini mcheza barafu akikunja mikono huzunguka mbio zaidi, watakujibu "inesha imepungua", na mjadala unaishia hapo. Mfano huo ni mzuri, lakini mtoto wa Makorora au Pongwe hajawahi kusimama juu ya barafu. Mwili wake haujui kinachosemwa. Anahitaji kitu cha kushika.

Vitu vya kushika vipo, tena vinapatikana hapahapa Tanga: kiti kinachozunguka, gurudumu la baiskeli, kizito kilichofungwa kwenye uzi unaopita ndani ya bomba, na pia ya mbao, kile kichezeo cha watoto kinachozungushwa kwa uzi. Walimu wenzangu huniuliza wachukue kipi, maana vipindi ni vichache na kuandaa vyote vinne ni kazi. Jibu langu hutegemea swali ambalo wanafunzi wao wamekwama nalo, kwa sababu kila kimoja kinaonyesha upande wake wa sheria na kuficha pande nyingine.

Sheria yenyewe ni fupi. Kitu kinachozunguka kina momentamu ya mzunguko, ambayo ni zao la kasi ya kuzunguka na inesha ya mzunguko, yaani ule ugumu wa kitu hicho kuzungushwa au kusimamishwa. Inesha hiyo hutegemea tungamo na hutegemea zaidi umbali wa tungamo kutoka kwenye mhimili: umbali ukiwa mara mbili, mchango wake unakuwa mara nne. Pasipo msokoto (nguvu ya kusokota) kutoka nje, momentamu haibadiliki, si kwa ukubwa wala kwa uelekeo. Maneno "kutoka nje" ndiyo yanayobeba uzito wote, na ndiyo yanayorukwa darasani.

Vigezo nilivyotumia

Kwanza, onyesho linaonyesha nini kwa uwazi, bila mwalimu kulipamba kwa maneno. Pili, vifaa vinapatikana wapi na vina hatari gani. Tatu, je, linapimika, au linabaki kutazamwa tu? Nne, linapotosha wapi, maana hakuna onyesho lisilo na mtego wake. Tano, linamfungulia mwanafunzi mlango gani baada ya kipindi. Mwisho nasema linamfaa nani. Sikuweka bei kama kigezo. Tofauti kubwa iko kwenye muda wa kuandaa.

Kiti kinachozunguka

*Linaonyesha nini.* Mtu anakaa, ananyoosha mikono pembeni, kila mkono umeshika chupa ya maji ya lita moja na nusu. Mwenzake anamzungusha polepole na kumwachia. Akivuta chupa kifuani, anakwenda mbio. Akizinyoosha tena, anapunguza. Lakini mwambie mwanafunzi asikilize viwiko vyake wakati wa kuvuta. Chupa zinagoma kuja ndani, na kuzivuta ni kazi ya kweli.

Kazi hiyo ndiyo hazina ya onyesho hili. Wanafunzi wengi hudhani kwamba momentamu ikihifadhiwa, basi na nishati ya mzunguko imebaki ileile. Haikubaki. Kasi ikipanda mara mbili huku momentamu ikiwa ileile, nishati ya mzunguko nayo inapanda mara mbili, na nyongeza hiyo imetoka kwenye misuli ya aliyekaa. Aliyeihisi kwenye viwiko haisahau. Aliyeambiwa tu ubaoni huisahau kabla ya mtihani.

*Vifaa.* Kiti cha ofisini kina kasoro mbili: magurudumu yake hukimbia sakafuni, na kwa upepo wetu wa bahari mhimili wake mara nyingi umeshika kutu. Kilicho bora ni kwenda kwa fundi wa kuchomelea akuunganishie ubao juu ya beringi ya gurudumu la gari. Kipimo changu cha ubora ni rahisi: mtu akae, asukumwe mara moja, na azunguke walau mara tano kabla ya kusimama. Hatari yake ni kizunguzungu na kuanguka, kwa hiyo weka wanafunzi wawili pembeni na usiruhusu mzunguko wa kasi.

*Kupimika.* Kinapimika kwa makadirio. Tuseme mwili na kiti kwa pamoja vina inesha ya 1.5 kwa vipimo vya kilo na mita za mraba. Chupa mbili za kilo 1.5 zikiwa mita 0.8 kutoka kwenye mhimili zinaongeza 1.92, zikiwa mita 0.2 zinaongeza 0.12 tu. Jumla inashuka kutoka 3.42 hadi 1.62, na kasi inapanda kama mara 2.1. Kwa chupa za nusu lita, hesabu hiyohiyo inatoa mara 1.4, tofauti ambayo mwanafunzi wa nyuma huenda asiione. Mikono yenyewe nimeiacha nje ya hesabu. Darasa lenye nguvu lipewe kazi ya kuiingiza.

*Linapopotosha.* Inesha ya mwili wa mtu hakuna anayeijua kwa hakika, kwa hiyo kukubaliana kwa namba ni bahati kiasi. Msuguano nao hula kasi kimyakimya. Mtu akizunguka mara tatu akiwa amenyoosha mikono, tayari momentamu imepungua kabla hajavuta.

*Mlango.* Kutoka hapa mpeleke angani. Nyota kubwa ikiisha, kiini chake huweza kuporomoka hadi kuwa nyota ya nyutroni yenye kipenyo cha kilomita kama 20. Iliyomo katika Nebula ya Kaa, mabaki ya mlipuko uliorekodiwa na Wachina mwaka 1054, huzunguka kama mara 30 kila sekunde. Ni jambo lilelile la mikono kuvutwa kifuani, ila anayevuta ni mvutano wa nyota yenyewe.

*Linamfaa* mwalimu mwenye darasa kubwa linaloogopa hesabu, na yeyote ambaye wanafunzi wake wanachanganya momentamu na nishati.

Gurudumu la baiskeli

*Linaonyesha nini.* Linaonyesha kwamba momentamu ina uelekeo. Hapo ndipo vitabu hukimbilia mshale na kidole gumba cha mkono wa kulia, na hapo ndipo darasa hupotea. Gurudumu linafundisha kabla ya mshale kuchorwa.

Shika eksele kwa mikono miwili mbele ya kifua, mwenzako alizungushe ili sehemu ya juu iende mbali nawe, kama baiskeli inayokwenda mbele. Sasa kandamiza mkono wa kulia chini. Gurudumu halilali kulia ulivyotarajia. Linageuka kuelekea kulia, mkono wa kushoto unasukumwa mbele na wa kulia unarudi nyuma. Mtu mzima hushtuka kama mtoto. Msokoto wako ulielekea upande mmoja, na mabadiliko ya momentamu yakafuata uelekeo wa msokoto huo.

Kisha kaa kwenye kile kiti chenye beringi, kiti kikiwa kimetulia na eksele imelala. Polepole simamisha eksele wima. Kiti kinaanza kuzunguka kinyume na gurudumu. Kabla ya hapo hapakuwa na momentamu ya wima hata chembe; sasa gurudumu linayo, kwa hiyo wewe na kiti mnalipa deni upande wa pili. Laza eksele tena, kiti kinasimama. Kwa kweli mara nyingi hakisimami kabisa, bali kinarudi nyuma kidogo. Usikifiche kidogo hicho. Ni msuguano wa beringi: ulipokuwa unazunguka, sakafu ilikusokota kinyume, na huo ni msokoto kutoka nje ulioacha alama yake.

*Vifaa.* Tanga tunasifika kwa baiskeli, na fundi wa Ngamiani hakosi gurudumu la mbele lililokaa tu. Omba lenye ringi nzito na tairi nene, kwa maana tungamo likiwa mbali na eksele ndiyo faida. Vishikio viwe vipande vya bomba vilivyokazwa kwenye eksele kwa nati. Hatari ni spoku: vidole, nywele ndefu, ncha ya ushungi na mikono mipana ya baibui. Mwanafunzi akusanye nguo zake kwanza.

*Kupimika.* Vigumu. Unaweza kukadiria, lakini thamani yake iko kwenye mikono, haiko kwenye namba.

*Linapopotosha.* Mitego ni miwili. Wa kwanza: ukifunga kamba ya mkonge upande mmoja wa eksele na kuliachia gurudumu linaloning'inia likizunguka, halianguki, linatambaa kuizunguka kamba. Wengi husema hiyo ni hifadhi ya momentamu. Siyo. Uzito wa gurudumu unalisokota, na uelekeo wa momentamu unabadilika kila dakika. Kinachoonekana ni namna msokoto wa nje unavyofanya kazi. Mtego wa pili ni kusema baiskeli husimama kwa sababu magurudumu yanazunguka. Mwingereza David Jones alitengeneza baiskeli yenye gurudumu la ziada linalozunguka kinyume ili kufuta athari hiyo, akachapisha matokeo mwaka 1970: iliendesheka. Mwaka 2011 watafiti walionyesha baiskeli ndogo inayojisimamia bila kutegemea mzunguko wa magurudumu. Athari ipo, ila sehemu yake ni ndogo kuliko inavyosemwa.

*Mlango.* Darubini ya anga ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990, hugeuka kwa magurudumu yaliyomo ndani yake. Haina roketi za kuigeuzia. Gurudumu likiongeza kasi upande mmoja, darubini nzima inageuka upande mwingine, polepole kama mshale wa dakika wa saa. Aliyekaa kwenye kiti na gurudumu mkononi amekwisha kuwa Hubble.

*Linamfaa* mwanafunzi anayeelekea uhandisi, klabu ya sayansi, na darasa lililokwama kwenye uelekeo.

Uzi ndani ya bomba

*Linaonyesha nini.* Linaonyesha namba. Pitisha mshipi wa kuvulia ndani ya bomba fupi, mfano ganda la kalamu lililolainishwa ncha. Juu funga kizito kidogo cha mpira, chini shika kwa mkono. Zungusha kizito juu ya kichwa, kisha vuta mshipi chini. Duara linapungua, kizito kinachachamaa.

Hapa hakuna inesha ya mwili ya kukisia. Kizito ni kidogo, umbali ni urefu wa uzi, basi. Nusu ya umbali ni mara mbili ya mwendokasi na mara nne ya mizunguko kwa sekunde. Mvuto kwenye uzi unapanda mara nane, na kidole kinautambua.

Swali zuri kuliko yote ninayoulizwa hutokea hapa. Mwanafunzi makini husema: kani ya uzi inaelekea katikati, mwendo unakwenda pembeni, sasa nani ameongeza kasi? Akiuliza hivyo, acha kila kitu umjibu. Kani inayopita kwenye mhimili haina mkono wa kusokotea, kwa hiyo haiwezi kubadili momentamu. Lakini wakati wa kuvuta, kizito hakiko kwenye duara tena. Kinaingia ndani kwa njia ya kujikunja, na sehemu ya mwendo wake inaelekea kulekule kani inakoelekea. Hapo kani inafanya kazi na nishati inaongezeka. Duara likitulia kwenye umbali mpya, kazi inakoma. Mwanafunzi akichora njia hiyo kwenye daftari na kuweka mishale miwili, amelielewa somo zima.

*Vifaa.* Mshipi wa nailoni unapatikana kwenye maduka ya zana za uvuvi. Usitumie uzi wa mkonge, nyuzi zake huchanika mdomoni mwa bomba na kukamata. Fanyia nje, mvae miwani, na kizito kisiwe chuma wala jiwe.

*Kupimika.* Ndicho kinachopimika kuliko vyote, ukichagua umbali kwa akili. Kwa mizunguko 2 kwa sekunde kwenye sentimita 60, kuvuta hadi 30 kunadai mizunguko 8, na simu inayopiga picha 30 kwa sekunde itapata chini ya picha nne kwa mzunguko. Vuta hadi 40 badala yake: unategemea mizunguko 4.5, na video ya kawaida inahesabika. Weka alama mbili za rangi kwenye mshipi ili ujue umefika wapi.

*Linapopotosha.* Utapata pungufu ya ulichokokotoa, karibu kila mara. Wapo wanaotazama pungufu hiyo na kutangaza kwamba sheria imevunjika, na jambo hili linaniuma kwa sababu linawakatisha tamaa watoto waliopima kwa uaminifu. Mdomo wa bomba unasugua mshipi, na hapo msuguano unaongezeka kadiri mvuto unavyopanda. Hewa inazuia zaidi kasi ikipanda. Mkono unaoshika bomba nao unachora duara dogo, na mkono huo unaweza kupunguza au kuongeza. Yote hayo ni misokoto kutoka nje. Dawa ni kupima upotevu wenyewe: zungusha kizito bila kuvuta, mkono ukiwa umetulia, uone kinapunguza kasi kiasi gani kwa sekunde chache. Kisha vuta haraka, upotevu usipate muda. Pungufu iliyopimwa ina thamani kuliko jibu sahihi lililonakiliwa.

*Mlango.* Kepler, mwaka 1609, alieleza kwamba mstari kutoka Jua hadi sayari hufagia maeneo sawa kwa muda sawa. Ni sheria hii hii. Mwanzoni mwa Januari Dunia iko kilomita milioni 147.1 kutoka kwenye Jua na huenda kilomita 30.3 kwa sekunde. Mwanzoni mwa Julai iko milioni 152.1 na huenda 29.3. Zidisha kila jozi uone.

*Linamfaa* anayeandaa wanafunzi kwa mtihani wa vitendo au maonyesho ya sayansi, na darasa dogo lenye subira.

Pia

*Linaonyesha nini.* Pia ya mbao yenye msumari chini haianguki inapozunguka, na inapochoka inaanza kuyumba kichwa kwa duara pana kabla ya kulala. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuitazama na kuuliza maswali sahihi.

*Vifaa.* Kipande cha mbao, msumari, uzi. Hatari ni ndogo, ila pia ya kurushwa isielekezwe miguuni mwa mtu.

*Kupimika.* Muda wa kusimama tu. Linganisha pia nene na pia nyembamba za uzito mmoja: nene, yenye tungamo mbali na mhimili, hubeba momentamu kubwa zaidi kwa kasi ileile.

*Linapopotosha.* Kwa pia, momentamu haihifadhiwi: sakafu inaisugua na uzito unaisokota. Mtoto anaweza kuondoka akiamini kwamba kuzunguka kunaondoa uzito. Kwa hifadhi yenyewe, mpe yai. Zungusha yai bichi mezani, lisimamishe kwa kidole kwa nukta moja, kisha liachie: linaanza tena lenyewe, kwa sababu ute wa ndani haukuwahi kusimama. Lililochemshwa linabaki limetulia.

*Mlango.* Dunia nayo ni pia. Mvuto wa Jua na Mwezi kwenye kiuno chake kilichotuna huufanya mhimili wake uyumbe kwa duara linalochukua miaka kama 26,000. Na kwa sisi wa pwani kuna zaidi. Maji ya bamvua yanayojaa na kupwa hapo Raskazone yanaipunguzia Dunia kasi, siku zinarefuka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde kila karne, na momentamu inayopotea hapa inakwenda kwa Mwezi, ambao unasogea mbali nasi kama sentimita 3.8 kila mwaka. Umbali huo hupimwa kwa leza inayorudishwa na vioo, vya kwanza vikiwa vimeachwa Mwezini na Apollo 11 mwaka 1969.

*Linamfaa* mzazi nyumbani na mwalimu wa msingi.

Uchague kwa hali yako

Kama una kipindi kimoja na wanafunzi sitini, chukua kiti. Waite wanne au watano mbele, wengine wahesabu mizunguko kwa sauti, na uhakikishe kila aliyekaa anaeleza viwiko vyake vilisikia nini.

Kama darasa ni dogo na mtihani uko karibu, chukua uzi, ukitenga kipindi kimoja cha kupima na kingine cha kujadili pungufu. Ukikosa hicho cha pili, afadhali uchague kingine, maana namba isiyojadiliwa itawaacha na shaka juu ya sheria.

Kama wanafunzi wanaijua hesabu ila mishale inawachanganya, gurudumu halina mbadala. Huna kiti chenye beringi? Gurudumu peke yake mkononi linatosha kwa nusu ya somo, ile ya kukandamiza mkono wa kulia.

Mzazi mwenye mtoto wa shule ya msingi aanze na pia na yai jikoni, bila kutaja momentamu kabisa. Na mwanafunzi anayejisomea peke yake, bila mwalimu wala maabara, achukue uzi: ni onyesho pekee kati ya haya linaloweza kumwambia amekosea wapi. Simu iwekwe juu ya meza ikitazama juu, yeye asimame pembeni huku bomba likiwa juu ya kamera, na avute mara moja, kwa haraka.